Mteja Wetu Anacheza!

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema, msije mkahangaika kumtafuta mwingine katikati ya hadithi.

Aliyenikosa wiki iliyopita namsimulia kwa ufupi. Mimi ni Placide Trahan, mzaliwa wa hapa hapa Lafayette, Louisiana. Gari langu la kuuzia soseji za wali liliungua moto. Nikaenda duka la magodoro, wakanivisha godoro nicheze kando ya barabara kuita wateja, nikazimia kwa joto mbele ya kituo cha polisi. Ndipo Wakili Odile Robichaux, aliyenitetea kwenye kesi ya gari langu tukashindwa vibaya, akanionea huruma. Akaniajiri niitangaze ofisi yake ya uwakili mitandaoni.

Miezi miwili baadaye tulikuwa na wafuasi mia mbili na kumi na wawili. Mia na tisini walikuwa binamu zangu.

"Placide," Bi Odile aliniambia Ijumaa moja, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, "yule Leleux wa ng'ambo ya barabara anapigana mieleka na mamba wa plastiki, anajipiga video, na simu zake hazinyamazi. Mimi nimesimama mahakamani miaka thelathini na minne, na simu yangu ikilia ni dada yangu anauliza mchuzi unawekwa unga kiasi gani."

"Tununue mamba, Bi Odile?"

"Mamba ninaye. Amekaa mbele yangu anakula mshahara. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Nataka mteja mmoja tu aingie mlango ule aseme, nimewaona kwenye simu. Akikosekana, rudi kwenye godoro lako."

Kutoka mapokezi Clotille, binti wa kaka yake Bi Odile, akapaza sauti: "Bado wanalo, Mjomba Placide! Jana nimepita pale. Wamemvisha mwingine, lakini kiuno hana!"

Nikacheka nao. Moyoni nilikuwa nalia.

Si kwamba sikuwa nafanya kazi. Wiki ile ile nilikuwa nimetengeneza video inaitwa "Ukiwa na Kesi, Funga Simu". Nilikaa kwenye kiti cha Bi Odile, nikakunja uso, nikawaonya watu: ukigongwa na gari, usiposti chochote mpaka kesi iishe. Hata picha ya keki. Maana watu wa bima wanakaa kutwa nzima wanakuchungulia, ukicheka tu wanasema umepona. Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza anayotia sahihi kila mteja wa ofisi yetu.

Nilisema kwa uchungu kama padri wa Ijumaa Kuu. Ikapendwa na watu tisa. Mmoja alikuwa mimi.

Basi, Jumamosi inayofuata Pasaka, parokia yetu ikafanya karamu ya kamba wa mtoni. Mnajua mambo yake: masufuria makubwa kama mapipa, pilipili ya kukutoa machozi, kamba na mahindi na viazi vinamwagwa juu ya magazeti mezani, na kila mtu anajihudumia kwa mikono miwili. Nilikwenda kula. Naapa, nilikwenda kula tu.

Mezani nikajikuta nimekaa mkabala na Mzee Alcide Guillory na mkewe, Bi Velma.

Mzee Alcide alikuwa mteja wetu. Maisha yake yote alikuwa mchomeleaji wa mashua za alumini, hodari hakuna mfano. Mwaka juzi alisimama kwenye taa nyekundu, lori la miwa likamvaa kwa nyuma. Tangu siku hiyo anatembea na fimbo. Daktari alishasema: ama apasuliwe mgongo, ama ajiandae kwa kiti cha magurudumu. Kampuni ya malori nayo ikasema mgongo wake ni mzima, kinachomsumbua ni uzee tu, na uzee haulipiwi fidia. Akishinda kesi, atapasuliwa. Akishindwa, basi tena.

"Mzee, mgongo haujambo?" nikamuuliza.

"Mgongo haujambo. Mimi ndiye ninayeumwa."

Bi Velma akampiga kofi la begani, kwa upole. "Akijibu hivyo ujue leo amelala saa tatu nzima."

Hapo akodioni ikaanza. Valsi, muziki wa kucheza wawili wawili. Na si valsi yoyote. Ile waliyochezea hawa wawili siku ya harusi yao, miaka arobaini na minne iliyopita. Nikamwona Mzee Alcide ameacha kamba, anaitazama mikono ya mpigaji.

Sasa, watu wa kwetu tuna jambo moja. Valsi ikipigwa na mkeo akakunyooshea mkono, huwezi kubaki umekaa. Unaweza kuwa na homa, unaweza kuwa mmegombana tangu Krismasi, utanyanyuka. Anayebaki kitini husemwa mpaka kwenye mazishi yake.

Nikamwinamia Bi Velma, nikamnong'oneza. Nilichosema nitakitaja. Nipeni nafasi kwanza nikusanye haya zangu.

Bi Velma akasita. Kisha akanyoosha mkono.

Mzee Alcide akautazama mkono ule, akaitazama fimbo, akaiacha fimbo.

Jamani, wale watu walicheza! Taratibu, shavu kwa shavu, watu wakawapisha. Nilikuwa nimeshawasha simu kitambo. Nilipofika nyumbani nikaikata video, nikabakiza sekunde arobaini tamu kuliko zote, kilichofuata nikakitupa pembeni kwa sababu hakikuwa cha kutangazia biashara. Chini yake nikaandika: "Mteja wetu anacheza! Umegongwa? Piga simu kwa Wakili Robichaux, nawe utacheza."

Nikaiposti. Nikalala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Jumapili nikitoka misa: watazamaji elfu arobaini. Wakati wa chakula cha mchana: laki moja na nusu. Jioni nikaacha kuhesabu. Watu kutoka nchi ambazo siwezi kuzitamka majina walikuwa wanatuma mioyo myekundu.

Jumatatu simu za ofisi zikawaka moto. Clotille alikuwa ameshika mbili, ya tatu ameibana begani. Saa nne akaingia mama mmoja mwenye mkono kwenye bandeji, akasimama katikati ya mapokezi na kutamka maneno matamu kuliko wimbo wowote:

"Nimewaona kwenye simu."

Bi Odile akatoka chumbani kwake. Akanitazama. Akatabasamu! Miezi miwili, sikuwa najua kama ana meno ya juu.

"Placide," akasema, "kumbe una akili. Ulikuwa umeificha wapi?"

"Ndani ya godoro, Bi Odile."

Akatuma tuletewe soseji za wali kwa ofisi nzima. Nilikula nne. Nikajiona mfalme wa Lafayette. Sikukumbuka kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Ukingo ulifika saa nane. Clotille akasema, "Shangazi, kuna Wakili Haynie wa Houston. Wa kampuni ya malori."

Bi Odile hakuwa ameitazama video bado. Yeye simu yake ni ya kupokea na kukata tu. Akabonyeza spika huku akifuta vidole.

"Habari za mchana, Bi Robichaux," sauti ikasema, laini kama siagi. "Nimepiga kukushukuru."

"Kunishukuru nini?"

"Miezi minane nimemlipa mpelelezi akae garini mbele ya nyumba ya Guillory, ampige picha akiinua hata ndoo. Hakupata kitu. Ofisi yako imenipa bure, tena na muziki."

Akakata.

Soseji ya tano nikairudisha sahanini.

"Nipe hiyo simu," Bi Odile akasema. Nikampa. Akaitazama video akiwa amesimama. Sekunde arobaini sijawahi kuziona ndefu namna ile. "Clotille, niletee maji. Hapana. Niletee kiti."

"Naifuta sasa hivi!" nikasema, nikaikwapua simu.

Clotille akanirukia kama paka, akaninyang'anya.

"Ukiifuta nakufungulia kesi mimi mwenyewe!" Bi Odile akafoka. "Hiyo sasa ni ushahidi. Tukiifuta watasema tulijua ni mbaya ndiyo maana tukaificha, na hapo tutashindwa sisi sote, si mzee peke yake. Inabaki hapo hapo."

"Lakini watu wanazidi kuiangalia..."

"Waangalie! Mzee alitia sahihi karatasi ya kukubali kupigwa picha?"

"Alikuwa ameshika kamba mikono yote miwili, Bi Odile."

Clotille alitaka kucheka, akaona uso wa shangazi yake, akakohoa.

"Wewe si ndiye uliyewaambia watu wafunge simu?" Bi Odile akaniuliza. "Wewe si ndiye uliyekaa kwenye kiti changu ukakunja uso?"

"Ile ilipendwa na watu tisa tu."

"Na hakuna aliyesikia, kuanzia wewe!"

Akavuta pumzi. Akaegemea mezani, akanitazama machoni. Sauti ikashuka, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Nisikilize, Placide. Hizi sekunde arobaini, ndizo zote? Kuna nyingine?"

Hapa ndipo nilipokuwa mjinga mara ya pili. Zilikuwepo. Dakika nne nzima, zimelala kwenye simu ile ile aliyoishika Clotille. Lakini mwanzoni mwa dakika hizo ilikuwemo sauti yangu, ikisema maneno yale niliyomnong'oneza Bi Velma. Nikaliona godoro mbele ya macho yangu. Nikaliona jua la Julai linalokuja.

"Ndizo zote, Bi Odile."

Wiki moja baadaye Bi Velma akaja ofisini, kavaa gauni la kanisani, mkononi kashika bahasha. Ilikuwa barua ya Haynie: Mzee Alcide atahojiwa kwa kiapo kuhusu kucheza kwake, na mimi Placide Trahan, niliyepiga video, nitahojiwa naye.

"Jana dukani mtu amemkonyeza mume wangu," Bi Velma akaniambia. "Akamwambia, umewapata, Alcide, wale matajiri wakamue tu. Tangu arudi hajala. Miaka arobaini na minne, Placide, sijawahi kumwona huyu mwanamume anakataa mchuzi wangu."

"Pole sana, Bi Velma."

"Pole ya nini? Wewe ulikuwepo. Uliona mwisho wake."

"Niliona."

"Basi utasema."

Hakuniuliza. Aliniagiza, kama anavyoagizwa mtu kwenda kununua chumvi. Akanipigapiga shavuni, akaenda zake.

Siku ya kuhojiwa tulikaa wote kwenye meza moja ndefu, ofisini kwetu. Haynie na suti ya buluu. Bi Odile. Mzee Alcide kakaa upande upande, fimbo magotini, Bi Velma nyuma yake. Na mwandishi wa mahakama, mama mmoja wa makamo mwenye mashine yake ndogo, anayeandika kila neno linalotoka kinywani mwa mtu, hata ukisema "aah".

Nikaapa. Haynie akacheza zile sekunde arobaini kwenye skrini kubwa. Akodioni, shavu kwa shavu, mzee anazunguka.

"Bwana Trahan, wewe ndiye uliyepiga video hii?"

"Ndiyo."

"Na ndiye uliyeandika, mteja wetu anacheza?"

"Na alama ya mshangao niliweka mimi."

Bi Odile akanikanyaga chini ya meza.

"Ndani ya sekunde hizi umeongeza chochote? Umebadilisha chochote?"

"Hapana."

"Mtu huyu unamwona analia? Anaguna? Amebebwa?"

"Hapo, hapana."

"Vizuri." Haynie akatabasamu, akalegeza tai kidogo. Alikuwa anaufunga mlango, nami nilisikia kufuli likilia. "Swali langu la mwisho. Hii ndiyo video yote?"

Nikaigusa simu mfukoni.

Ningesema ndiyo, ningebaki na kazi yangu, na wafuasi wangu wote wale, na yule mama wa bandeji. Mzee Alcide angekwenda zake nyumbani na mgongo wake na jina la utapeli.

Nikamtazama Bi Velma. Hakuwa ananitazama kwa hofu. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeagiza chumvi na anaisubiri.

"Hapana," nikasema. "Si yote. Iko ya dakika nne. Hii hapa."

Bi Odile akageuka taratibu. Sijawahi kutazamwa vile na mtu aliye hai. Akavuta karatasi yake ya njano, akaandika, akanisogezea: *Tukimaliza hapa, usiondoke. Mimi na wewe.*

Tabasamu la Haynie likawa halijui liende wapi. Lakini alishauliza, na jibu lilishaandikwa. Dakika nne zikachezwa.

Ya kwanza kutoka ilikuwa sauti yangu, kubwa kuliko nilivyoikumbuka: "Bi Velma, mnyooshee mkono! Mnyooshee tu, hawezi kukataa! Kidogo tu, niipate kwa ajili ya ofisi. Ofisi ikipata wateja na kesi yenu itakwenda haraka!"

Ndiyo hayo maneno yenyewe. Mmeyasikia. La kesi kwenda haraka nililitunga pale pale, mdomo umejaa mahindi.

Halafu zile sekunde arobaini. Halafu kilichofuata.

Mzee Alcide akazunguka mara ya mwisho, goti likakubali kuinama lisikubali kunyooka. Uso ukawa mweupe kama unga. Bi Velma akamshika kiunoni, akajifanya bado wanacheza, ili watu wasione. Hatua tatu, nne, anambeba mtu mzima kwa mikono miwili na bado anatabasamu. Kisha wanaume wawili wakaja na kiti. Wakamkalisha, wakamwinua na kiti chake, wakampeleka mpaka kwenye gari. Akipita mbele ya simu yangu akasema, jasho likimtiririka: "Placide, umeniua wewe. Lakini valsi ilikuwa nzuri."

Skrini ikazima.

Mwandishi wa mahakama alikuwa anajipangusa jicho kwa mkono mmoja, wa pili unaandika.

"Siku nne," Bi Velma akasema, "alikaa kitandani siku nne. Nilimlisha kwa kijiko."

"Tatu," Mzee Alcide akanong'ona. "Ya nne nilijifanya tu. Ulikuwa unanilisha vizuri."

Nikacheka, nikajizuia. Haynie hakucheka. Alikuwa ameusoma upepo, na kama wakili yeyote mjanja akaacha kumlenga mzee, akatulenga sisi. Akasimama, kidole kimemwelekea Bi Odile.

"Hii ni aibu! Umesikia sauti ya mfanyakazi wako? Mmemtoa kitini mtu ambaye hawezi kuinama hata kufunga kamba za viatu!"

"Keti, Wakili Haynie."

"Siketi! Mmemdanganya mkewe! Mgonjwa mwenye mgongo ulioharibika, mmemchezesha kama kikaragosi, mpate wateja!"

"Bwana Haynie," mimi nikaanza, "kosa ni langu, Bi Odile hakujua..."

"Wewe nyamaza!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

"Nitakushtaki kwenye baraza la mawakili," Haynie akaendelea, uso umemwiva. "Leo hii! Watakufungia ofisi, Bi Robichaux. Kumtesa mlemavu kwa ajili ya tangazo! Una la kusema?"

Bi Odile akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya skafu, bila haraka, akaivaa tena. Akamgeukia yule mama wa mashine.

"Umeyapata yote hayo, mama?"

"Kila neno."

Ndipo akamtazama Haynie.

"Nishtaki, Wakili. Nami nitakuita uwe shahidi wangu, maana miaka miwili nimetafuta mtu wa upande wenu wa kukiri kwamba mgongo wa mzee huyu umeharibika."